Ngazi ya Mshamu

Ulimwona, usijifanye. Ulimwona pale stendi ya Kibiti, amekaa juu ya kipande cha boksi, ndala amezivaa mikononi kwa kuwa mikono ndiyo inayomtembeza, nawe ukainamia mfuko wako wa korosho kana kwamba umepoteza kitu ndani yake. Ulimwona kwenye jengo fulani la serikali, amekaa ngazi ya chini tangu asubuhi, anamwomba kila apandaye amwitie mtu wa ghorofani, nawe ukapanda umeweka simu sikioni, simu ambayo haikuwa na mtu upande wa pili. Mwaka wa mafuriko alipita tena mbele yako, kwenye taarifa ya habari. Ukasema maskini, ukabadili stesheni. Basi kaa hapa usome. Safari hii shingo isigeuke.

Siku moja ya mwaka huo, kule Mbwera, kijiji cha delta ya Rufiji, Mshamu aliamka akaomba pasi ya mkaa. Mama yake, Bi Mwanahawa, akamnyooshea shati jeupe la Idi. Akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akajivuta mpaka barazani na kukaa, miguu ameikunja chini yake kama mtu anavyokunja vizuri nguo asiyoivaa. Miguu hiyo ilikauka utotoni, baada ya homa. Mikono ilikuwa habari nyingine. Kwa mikono alipiga kafi, alipasua kuni, na alipanda ngazi kuliko fundi wa mapaa.

Baba yake, Mzee Ismaily, akatoka uani na kafi begani. "Umevaa hivyo unakwenda wapi?"

"Mkutanoni. Nasikia kuna mwalimu wa chuo kikuu anakuja kufundisha watu habari za walemavu. Nimeona nijitokeze, asije akakosa mfano."

Bi Mwanahawa akacheka, kisha akamtazama mumewe, akaacha kucheka.

"Masuke yamekaza," Mzee Ismaily akasema. "Kwelea wanashuka kama mvua. Ukikosa leo tutavuna makapi."

"Nimeamia wiki nzima, Baba. Mwambie jirani leo avute na kamba zetu."

Shamba lao la mpunga lilikuwa ng'ambo ya mkondo. Katikati yake lilisimama dungu, kibanda cha miti juu ya nguzo ndefu, na kutoka humo kamba zilitambaa shamba zima, zimefungwa makopo na vifuniko vya sufuria. Mlinzi anakaa juu, anavuta, makopo yanalia, ndege wanaruka. Ndiyo kuamia huko, na msimu wa masuke ilikuwa kazi ya Mshamu. Hakuna aliyekuwa na mikono ya kuvuta tangu alfajiri hadi magharibi kama yeye.

"Leo bamvua, maji makuu," Bi Mwanahawa akasema polepole. "Na mto nao umejaa mvua za bara. Bahari ikisukuma huku na mto ukisukuma huku, shamba litakuwaje?"

"Shamba litalowa, dungu liko juu," Mzee Ismaily akajibu. "Mafuriko yote watu hukimbilia madungu, au umesahau? Huko kuna usalama kuliko hapa."

Mshamu akamgeukia dada yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la mchele. "Mdogo wangu, mgeni ni wako. Sema wewe. Niende ama nikae?"

Sabra alikuwa mwaka wa tatu chuoni Dar es Salaam. Shahada yake iliitwa Ulemavu na Jamii, jina ambalo Mbwera lilikuwa limewachekesha watu. Sabra anasomea vilema, walisema. Akimaliza atawatibu? Hapana, atawahesabu. Alikuwa amerudi kijijini kwa fildi, yaani mafunzo ya kazi miongoni mwa watu, na siku hiyo mwalimu wake, Dokta Marsela, alikuwa anakuja kumkagua. Akimpitisha, umebaki muhula mmoja tu avae joho.

Ila palikuwa na jambo. Mwaka wa kwanza Dokta Marsela aliuliza darasani nani ana ndugu mwenye ulemavu. Kijana mmoja akasimama akaeleza habari za dada yake asiyeona. Wenzake wakampigia makofi, wakamwomba picha ya dada. Sabra akabaki amekaa. Alijiambia anamlinda Mshamu, asifanywe picha ya kuzungushwa kwenye simu za watu. Baadaye mwalimu akamuuliza ana kwa ana, naye akasema hapana, kwetu hakuna. Alilisema kwa wepesi. Tangu siku hiyo kila alipotaka kulirudisha neno lile aliliona limenenepa.

Na alijua anachokitaka Mshamu mkutanoni. Alikuwa akikifanyia mazoezi jikoni. Dikoni, pale boti zinapofunga, kuna tope la kuzamisha goti, na Mshamu hakuwahi kupanda boti ila kwa mgongo wa mtu. Vijana humtwika, wanaitana, gunia hili la nani, halijaandikwa jina. Miaka yote aliomba njia ya mbao kutoka ukingoni hadi kwenye maji. Siombi miguu, alikuwa akisema mbele ya mafiga, naomba mbao. Badala yake aliletewa kiti cha magurudumu, kikaja na mpiga picha. Kiti kilizama kwenye tope la Mbwera siku ileile, na sasa kuku walikuwa wakilala juu yake.

"Nenda tu, Kaka," Sabra akasema, macho kwenye mchele. "Mkutano wenyewe mfupi. Nitakusimulia."

Mshamu akafungua kifungo cha shingoni. "Haya. Yangu nitayasikia kwa kusimuliwa."

Akashuka barazani kwa mikono. Baba akamfuata mpaka kwenye mtumbwi, na Sabra akauona mtumbwi ukiingia mkondoni, shati jeupe mbele, baba nyuma. Mshamu hakugeuka.

*

Boti ya Dulla ilifika kutoka Nyamisati maji yakiwa madogo, ikakwama kabla ya ukingo. Dokta Marsela, mama mnene wa Kihaya mwenye viatu vya kitambaa, akasimama na kulitazama tope.

"Ngojeni," akasema Leodgar, mtendaji wa kijiji. "Ngojeni, mgeni asichafuke."

Akanong'ona na mtu, mtu akakimbia, na punde vijana wakaja na mbao begani. Mbao ndefu, nzuri, zilizokuwa zimefungiwa stoo ya shule. Wakatanguliza magogo, wakalaza mbao juu yake, na kabla mtu hajamaliza sigara palikuwa na njia kutoka kwenye boti hadi nchi kavu. Dokta Marsela akapita ameinua gauni kidogo. Hata pindo halikulowa.

Dulla, nahodha, kijana mwenye mdomo, akapiga mluzi. "Kumbe mbao zipo. Mimi nikidhani hapa watu hubebwa mgongoni kwa sunna."

Watu wakacheka. Sabra naye akacheka.

"Safi sana," Dokta Marsela akamwambia mtendaji. "Mmejali mazingira rafiki."

"Tunajitahidi, Dokta. Kijiji chetu, tunashukuru, walemavu si wengi. Lakini hao waliopo tunawajali."

Nyumbani kwa Mzee Ismaily mgeni alipewa wali wa nazi na samaki. Akasifu, akauliza majina, akauliza watoto wangapi. Bi Mwanahawa akafungua kinywa, akamtazama Sabra, akasema, "Mola katujalia, mwalimu. Ongeza mchuzi." Uani, kiti cha magurudumu kilikuwa kimefunikwa gunia, na kuku mmoja alikuwa akilizunguka gunia hilo hajui aingilie wapi.

*

Mkutano ulikaa uwanja wa shule, chini ya turubai. Mbele lilining'inia bango alilokuja nalo mgeni kutoka chuoni: JAMII JUMUISHI, TUSIMWACHE MTU NYUMA. Wanaume walikaa upande huu, wanawake upande ule, Dokta Marsela katikati kwenye kiti cha plastiki. Sabra alisimama mbele yao. Mbingu ya upande wa bara ilikuwa imekuwa nyeusi kama chungu.

Alianza kwa sauti ya chini, akazoea. Alipofika katikati, upepo ukageuka, na upepo ukaleta sauti ya makopo. Yalilia kwa nguvu, yakanyamaza, yakalia tena.

"Sauti gani hiyo?" Dokta Marsela akauliza akitabasamu. "Kama ngoma."

"Ni mlinzi wa ndege, Dokta."

Mwanamke mmoja akamgusa mwenzake. "Mshamu huyo. Kanuna. Anataka mgeni amsikie."

"Tena leo atakata kamba," mwenzake akajibu, wakafunika midomo kwa kanga.

Kutoka upande wa wanaume Mzee Ismaily akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi kwa mbwa wake, "Ana hasira zake. Atachoka."

Hakuchoka. Makopo yaliendelea, na Sabra akalazimika kupaza sauti juu yake. "Tunachofundishwa ni hiki. Ulemavu hauishii mwilini mwa mtu. Asiyetembea akiwekewa njia anafika kama wewe. Ukimnyima njia, au ukaiondoa aliyokuwa nayo, hapo ndipo anapolemaa."

Mzee mmoja akainua mkono. "Kwa hiyo, binti, anayemlemaza ni nani?"

"Ni sisi, Babu."

Watu wakatikisa vichwa. Lilikuwa jibu zuri. Dokta Marsela akaandika kitu.

Mvua ikaanguka. Turubai likajaa maji katikati, likaning'inia kama tumbo la ng'ombe, na Mzee Ismaily akainuka haraka, akachukua ngazi iliyokuwa imelazwa kando ya ukuta, akaiegemeza kwenye nguzo karibu kabisa na aliposimama Sabra. Akapanda kulegeza kamba.

Sabra akaiona ngazi. Vipago vyake vilikuwa vimezungushiwa uzi wa nyavu wa bluu, umebanwa vizuri, kila kipago. Mshamu ndiye aliyezungusha uzi ule, ili mikono isiteleze kukiwa na umande.

"Baba. Ngazi hii ya wapi?"

"Ya dungu," Mzee Ismaily akasema kutoka juu. "Ya shule imeoza."

"Na mtumbwi?"

"Si huo dikoni, umeleta viti vya wageni."

"Kaka anashukaje?"

"Ashuke aende wapi? Jioni nitamfuata."

Sabra akasikiliza. Kwelea hawashuki mvua ikinyesha. Hilo lajulikana na kila aliyekulia ukingoni mwa mpunga. Hakuna ndege wa kufukuza. Na makopo yalikuwa yanalia bado, lakini sauti ilikuwa imepungua, imekonda, kama kwaya inayotokwa na mtu mmoja mmoja. Mkono ulikuwa ukivuta kwa nguvu ileile. Makopo ya chini ndiyo yaliyokuwa yamejaa maji.

"Mkutano umeisha," akasema.

"Sabra, bado maswali," Dokta Marsela akaanza.

"Yule anayevuta makopo ni kaka yangu, Dokta. Hatembei. Tumempeleka kule ili usimwone."

Mvua ikasikika juu ya turubai. Bi Mwanahawa akajifunika uso kwa kanga. Mzee Ismaily akabaki juu ya ngazi, kamba mkononi, kama mtu aliyesahau alichopandia.

"Uliniambia kwenu hakuna," mwalimu akasema.

"Nilikudanganya. Dulla, washa boti."

Dulla alikuwa amekwisha kusimama, lakini akasema la kazi yake. "Tukienda shambani tutachelewa, na maji yakianza kutoka hatupiti kule kwenye kina kifupi, njia ya Nyamisati. Mgeni wako atalala Mbwera."

"Nitalala," Dokta Marsela akasema, akavua viatu.

"Ngojeni kwanza," mtendaji akaingia kati. "Kuna utaratibu wa maafa. Nipige simu wilayani, tupate maelekezo."

Hakuna aliyengoja. Mzee Ismaily alikuwa amekwisha kushuka, ngazi begani, anakimbia kuelekea dikoni, na watu wazima waliowahi kumjua hawakuwahi kumwona akikimbia.

*

Shamba halikuwako. Palikuwa na maji ya kahawia yanayokwenda, na juu yake vichwa vya mpunga vilivyolala. Dungu lilikuwa limeinama, nguzo moja ya mbele imeng'oka, na Mshamu alikuwa amejivuta mpaka juu ya paa, amekaa kwenye ukingo wake, kamba amejiviringisha kiganjani. Shati la Idi lilikuwa limegeuka rangi ya mto. Aliwaona. Hakuacha kuvuta. Mahali fulani kopo moja tu lilikuwa bado linajibu.

Dulla akapunguza mashine. Mkondo ukaisukuma boti kando, akairudisha, ukaisukuma tena. Mzee Ismaily akaruka majini, yakamfika kifuani, akaenda ameshika nguzo mpaka chini ya paa, akageuza mgongo wake.

"Panda, mwanangu."

"Mgongo sitaki."

"Mshamu, nguzo inaondoka."

"Naisikia kuliko wewe. Ulichukua ngazi, Baba. Irudishe ilipokuwa."

Mzee akasimama ndani ya maji, uso umelowa kwa mvua na kwa jingine. Sabra hakungoja. Aliinyanyua ngazi kutoka botini, mwalimu akashika upande wa pili, wakaisimamisha ndani ya boti, wakaiegemeza kwenye paa. Ilicheza. Wakaibana kwa magoti, kwa vifua. Dulla akaapa atashikilia boti, akaapa tena.

Mshamu akafungua kamba mkononi. Akashika kipago cha juu, penye uzi wa bluu, akajitupa nje, na kwa muda wote mwili wake ulining'inia kwa viganja tu. Kipago. Kipago kingine. Nguzo ya pili ikatoa sauti kama mfupa, paa likaja mbele, ngazi ikateleza ubavuni, naye hakuachia. Akaanguka nayo ndani ya boti, juu ya mapaja ya Dokta Marsela. Dungu likalala nyuma yao taratibu, likaenda na maji.

Mzee Ismaily akavutwa ndani.

"Mlinisikia?" Mshamu akauliza, meno yakigongana.

"Tangu mwanzo," Sabra akasema.

"Mkasema nini?"

Dulla ndiye aliyejibu, macho mbele. "Tulisema umenuna."

Mshamu akacheka mpaka akakohoa. "Nilikuwa nimenuna kweli. Halafu maji yakaja." Akajifuta uso, akamtazama mwanamke aliyemwangukia. "Shikamoo, mwalimu. Samahani nimechelewa. Mimi ndiye mfano."

"Marahaba," Dokta Marsela akasema, kisha akamgeukia Sabra. "Fildi hii siwezi kuipitisha. Utairudia mwakani."

"Najua, Dokta."

"Utarudia nini?" Mshamu akauliza. "Mwakani mtanificha wapi, na dungu limekwenda?"

*

Dikoni kijiji kizima kilikuwa kimesimama mvuani. Maji ya bamvua yaliisogeza boti karibu na ukingo, lakini lile tope la kuzamisha goti lilibaki. Na mbao hazikuwepo. Vijana walikuwa wamezinyanyua, ziko begani mwao, wanazirudisha stoo.

"Ni mali ya shule," mtendaji akaeleza. "Maji yangezichukua. Nyie vijana, mbebeni mwenzenu mara moja, anatetemeka."

Wawili wakaingia topeni wakanyoosha mikono. Mmoja, kwa mazoea tu, akaanza, "Gunia hili la," akanyamaza.

"Sishuki," Mshamu akasema.

"Usilete ukaidi, ndugu yangu. Utaumwa."

"Mbao zilishuka asubuhi kwa mtu mwenye miguu. Nilikuwa juu, niliona. Naziona tena, zile pale. Zirudisheni."

"Suala la njia ya diko tutaliweka kwenye kikao kijacho."

"Sawa. Nitakingoja hapahapa."

Bi Mwanahawa akaingia topeni na kanga zake, akafika botini, akashika mkono wa mwanawe, hakumwomba ashuke. Sabra akaruka, akasimama kando ya mama, tope likamshika magoti. Akawageukia watu. "Huyu ni kaka yangu," akasema, ingawa hapakuwa na mtu pale asiyejua. "Nimemkana nikiwa chuoni. Leo ninyi mnaona. Leteni mbao."

Vijana wenye mbao wakatazamana. Mmoja alikuwa amekwisha kupiga hatua kuelekea shuleni. Akasimama. Ubao ulikuwa mzito, mvua ilikuwa inanyesha, na mtendaji alikuwa akimtazama. Mkono wake ukauhamisha ubao kutoka bega la kulia kwenda la kushoto.

Hapo ndipo walipo, na hapo ndipo na wewe ulipo. Usiulize kama kijana yule aliutua ubao. Uliza wako. Ni mlango wa ofisi yako wenye vidato, na mtu yuko nje. Ni darasa lako la juu, ni msikiti wako, ni kanisa lako, ni boti yako, ni ndugu yako uliyemfungia chumba cha uani kwa sababu leo mnapokea wageni. Usiseme kikao kijacho. Vikao vilivyopita tunavikumbuka vyote, na waliokalia viti tunawakumbuka. Usisubiri mgeni aje ndipo mbao zionekane stoo. Makopo yamelia tangu mstari wa kwanza wa hadithi hii na umeyasikia. Funga kitabu, inuka, utue huo ubao. Leo hii, mvua hii ikinyesha, kabla lile kopo la mwisho halijajaa maji.